Warsha ya usalama chini ya mkarafuu: ninavyoiendesha mimi

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha majeruhi hapa Pemba hadi nilipostaafu. Msimu wa karafuu ukianza hatukuhitaji kalenda. Majeruhi wa kwanza alikuwa akiletwa asubuhi, umande haujakauka, amekalishwa kwenye pikipiki kati ya watu wawili na shingo inayumba. Nilipoacha kazi nikaanza kufundisha usalama kwa wachumaji. Wananiita Bi Daktari, nimechoka kuwasahihisha.

Warsha yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikodi ukumbi Chake Chake, nikaonyesha picha za wajenzi wa Ulaya wamevaa kofia za njano, umeme ukakatika katikati. Tukasaini mahudhurio, tukala pilau, tukapiga picha ya pamoja. Wiki tatu baadae mmoja wa waliokaa safu ya mbele akaanguka. Nilipokwenda kumtazama akaniambia, "Bi, uliyosema yote mazuri, lakini kamba sikuwa nayo." Tangu siku ile sifundishi ukumbini, na siondoki shambani kama kamba haipo.

Nenda shambani wiki moja kabla. Pitia kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, kisha kaa na mwenye mikarafuu, au aliyeikodi, maana huyo ndiye mlipaji. Mwambie awepo siku ya mafunzo, tena asije kufungua tu halafu akaondoka. Tazama miti: ipi mirefu mno, ipi ina matawi makavu, ipi imejaa maji moto, wale chungu wekundu wa mitini wanaong'ata. Kisha panga kuanza saa moja na nusu asubuhi na umalize kabla ya adhuhuri. Wachumaji kumi na wawili wanatosha. Wakifika thelathini unahutubia, hufundishi.

Ukifika, usianze na sheria wala tafsiri ya neno "hatari". Chora mkarafuu mchangani kwa kijiti, uwe mkubwa, shina na matawi. Uliza nani ameshawahi kuanguka. Watacheka kwanza, waache. Kisha kila mmoja achukue jiwe aliweke pale alipokuwa mguu wake ulipoteleza au tawi lilipokatika. Katika warsha zangu mawe hujazana nchani mwa matawi, mbali na shina. Hapo ndipo unapouliza alifuata nini kule nje, na jibu ni lile lile: vishada viwili vitatu vilivyobaki. Ubao wa mkarafuu ni mkavu na hukatika ghafla. Hauinami ukakupa muda wa kujishika kama mpera. Wao wanalijua hilo kuliko wewe, lakini hawajawahi kulisikia likisemwa na wenzao kumi kwa mpigo.

Sasa kamba. Hapa tumia saa nzima, usiione nyingi. Waambie waje na zile wanazotumia, uzimwage zote juu ya jamvi. Zipitishe kwenye vidole hatua kwa hatua, fumbua nyuzi utazame ndani. Ya usumba iliyokaa mvuani huoza katikati huku nje ikionekana nzima. Ya nailoni iliyokaa juani hufifia rangi, huwa ngumu, na ukiifikicha hutoa unga. Zote hizo zikatwe vipande pale pale, mbele ya mwenyewe. Usikubali akuambie ataifungia mbuzi, maana kesho itarudi mtini. Mara moja niliona kamba saba zikikatwa kati ya tisa, na mwenye shamba akakaa kimya muda mrefu. Kimya kile kilinifaa kuliko hotuba.

Kufunga nako kuna kosa linalojirudia. Mchumaji hufunga kamba kwenye tawi lililo usawa wa miguu yake kwa kuwa ndilo lililo karibu. Akianguka, atashuka urefu wa kamba yote, na zaidi ya hapo, kabla haijamkamata. Ifungwe juu ya kichwa, kwenye shina au panda nene iliyo hai, na isilegee. Mkanda wenye kushika mapaja na mabega ni bora kuliko kitanzi cha kiunoni, ambacho kikikubana kwa kishindo kinaumiza mgongo na tumbo. Kila mmoja aning'inie mwenyewe nusu mita kutoka ardhini, miguu ikipapasa. Wazee hukataa. Anza na mwenye shamba, wengine watafuata.

Halafu maji moto. Wageni wanaoandika vitabu vya mafunzo hawawajui. Mtu aking'atwa shingoni na maji moto ishirini, mikono yote miwili huenda shingoni. Kwa hiyo fundisha wakiwa wamepanda chini chini: mkono mmoja haubanduki tawini, hata uumwe vipi. Na kabla ya kupanda, angalia majani yaliyoshonwa pamoja, ndiyo viota vyao. Mti wa namna hiyo uchumwe kutoka chini kwa ngoe, ile fimbo ndefu yenye kulabu, au uachwe uhudumiwe mwisho.

Ukifika kwenye vifaa vya kujikinga, viweke mwisho wa orodha. Watu wanapenda kuanzia kwenye kofia kwa sababu kofia hununuliwa na kupigwa picha. Kwanza uliza kama mti unaweza kupogolewa baada ya msimu usizidi kurefuka. Kisha kama ngoe ndefu au ngazi itafikia bila mtu kutoka nje ya shina. Kisha kamba. Kofia baadae. Katikati ya hayo liko jambo ambalo wakufunzi wengi hulikwepa kwa haya: malipo. Mchumaji analipwa kwa kipimo. Dakika anazofunga kamba hazimletei hata pishi moja, basi haifungi. Lizungumze mwenye shamba akiwa amekaa hapo hapo. Mmoja alikubali kulipa kitu kidogo kwa kila siku ya kazi mbali na kipimo, na kuzuia kupanda hadi magome yakauke baada ya mvua. Mwengine alinuna. Nilimuuliza kipi ghali, hiyo nusu saa au gari ya kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee usiku.

Huduma ya kwanza ifanyeni kwa vitendo, mtu alale chini ya mti kama aliyeanguka. Asiinuliwe, asikalishwe, asipewe maji, asipakiwe pikipiki. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa pande zote mbili kilingane na mwili, asiachie. Mwengine atazame kama anapumua. Kama hapumui, shingo si tatizo la kwanza tena: kandamiza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama anapumua, ageuzwe kwa pamoja kama gogo, watu wanne kwa hesabu ya mmoja, awekwe juu ya mlango au ubao mpana. Rudieni mara tatu. Mara ya kwanza wote watashika miguu.

Wanawake wanaochambua na kuanika wasiondoke bila kupata lao: kivuli, maji ya kunywa, na gunia lijazwe nusu badala ya kuvunja mgongo.

Kuhusu sheria, dakika tano zinatosha. Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo vipeperushi vya OSHA, wakala wa usalama kazini wa Tanzania Bara, si vya huku. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 8 ya 2005. Mwenye shamba alijue jina hilo.

Vyeti sitoi siku hiyo. Ninaandika majina ya waliofunga kamba ipasavyo na idadi ya kamba nzima zilizobaki shambani, basi. Siku ya kumi na nne ninarudi bila kupiga simu, mapema, wakiwa juu. Ninasimama njiani, ninahesabu watu mitini, kisha ninahesabu kamba. Hesabu zikilingana, ninaita washuke tunywe chai na kugawana vyeti. Zisipolingana, ninamtafuta mwenye shamba kwanza.