MaikroRNA na kansa ya mapafu: venye unaweza soma hizo habari bila kuchanganywa

Huku Kisumu ukiwa na mgonjwa wa kansa ya mapafu kwa familia, grupu ya WhatsApp haiwezi kosa mtu wa kutuma utafiti, mara maikroRNA fulani ndio inasukuma kansa, mara ingine ndio dawa, alafu shangazi anauliza mbona daktari hajatuambia hii. Nimechoka kujibu moja moja, acha nieleze hapa venye mimi huzisoma.

Kabla ufungue link yoyote shika hii: maikroRNA ni kipande kifupi sana cha RNA (ndugu ya DNA, hubeba ujumbe wa jeni ndani ya seli), herufi kama 22 hivi, na chenyewe hakitengenezi protini. Kazi yake ni kutafuta RNA ingine yenye imebeba maagizo ya jeni, inajibandika hapo, maagizo yanakatwa ama yananyamazishwa, protini inapungua. Ilipatikana kwa mnyoo mdogo mwaka wa 1993, na Victor Ambros na Gary Ruvkun wakapewa Nobel juu yake 2024, kwa hivyo si maneno ya waganga wa stendi. Ni breki tu. Na hapa ndio wengi huteleza, wanaona "imepanda" wanadhani ni mbaya, kumbe inategemea breki imefungwa gari la nani, ukisimamisha gari la wezi umesaidia, ukisimamisha la polisi wanaowafukuza umeharibu.

Sasa chukua kalamu. Andika jina la maikroRNA, weka mshale wa juu ama wa chini kuonyesha imefanya nini ndani ya uvimbe, alafu mbele yake jeni yenye inazimwa na kazi ya hiyo jeni. Kimoja kikikosa, hiyo habari bado hujaielewa, na mara nyingi hata aliyeituma hajaielewa. Jaribu na let-7. Kwa uvimbe mwingi wa mapafu imeshuka. Inazima RAS, na RAS ndio huambia seli igawanyike, so let-7 ikipungua RAS inabaki bila wa kuituliza na seli zinazidi kuongezeka. Watafiti wa Japani walionyesha 2004 kwamba wagonjwa wa operesheni wenye let-7 yao ilikuwa chini waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Geuza sasa uangalie miR-21 (miR ni kifupi cha maikroRNA): hiyo imepanda, inazima jeni za PTEN na PDCD4 ambazo zilikuwa zinazuia kansa, na mwisho unafika mahali pale pale pabaya. Ile kansa ya seli ndogo nayo, ambayo ni aina moja ya kansa ya mapafu, utaona sana kundi la miR-17-92 likiwa juu. Na usipuuze mkia wa jina kama umeandikwa, mfano miR-21-5p: -5p na -3p si kitu kimoja, zinaweza kuzima jeni tofauti kabisa.

Kukua na kusambaa ni maswali mawili. Kwa kusambaa mimi hutafuta familia ya miR-200 kwanza. Seli za mapafu hushikana na jirani kwa protini inaitwa E-cadherin, protini zingine mbili, ZEB1 na ZEB2, huizima hiyo E-cadherin, na miR-200 huzima hizo ZEB. Isome polepole hata mara mbili. miR-200 ikiwepo, seli inabaki imeshikana mahali yake. Ikipotea, ZEB zinainuka, E-cadherin inaisha, seli inalegea, inabadilika umbo, inapenya hadi kwa damu, na ndio unaskia imefika kwa ubongo, mifupa ama ini. Kama habari haijasema popote seli zilihama ama zilipenya, hapo wanaongelea kukua tu.

Alafu uliza imepimwa wapi. Seli za maabara? Panya? Uvimbe wa mtu? Damu? Ya damu ndio inauzwa sana na ndio ina mitego. Sampuli ikitoka mbali, joto na kutikiswa njiani, seli nyekundu zinapasuka, na hizo zimejaa miR-16 na miR-451. Chupa ikizungushwa kwa mashine, maji ya juu yanafaa kuwa manjano hafifu. Yakiwa ya pinki, hizo namba zinaweza kuwa zinakuambia mambo ya seli nyekundu, si ya mapafu. Utafiti mzuri utasema vile walikagua hilo.

Za dawa nitapita haraka. MRX34, dawa ya majaribio, ilibeba miR-34a, yenye husaidia p53 (protini inayolinda seli) kuzuia kansa, na kwa maabara ilikuwa inapendeza sana, lakini majaribio kwa watu yalisimamishwa 2016 kwa sababu kinga ya mwili ya wagonjwa wengine ilishtuka vibaya, na kuna waliofariki. Kwa hivyo mtu akikuuzia "sapulimenti ya maikroRNA" huko mtaani, usitoe pesa yako.

Na mgonjwa wako? Huku kwetu kikohozi na kukonda huanza kutibiwa kama TB, na si makosa, TB iko, lakini kama GeneXpert (kile kipimo cha TB) haioni kitu na dawa hazisaidii, itisha siti skani na biopsi (kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara) mapema. Uwe hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, Nakuru ama Eldoret, acha kuuliza daktari kuhusu let-7, muulize biopsi imesema ni aina gani, seli ndogo ama zile zingine, na kama ni zile zingine, jeni za EGFR na ALK zimepimwa? Kuna vidonge vinavyochaguliwa kwa hayo majibu leo.