Kufunga keria ya nyuma kwenye Honda CRF300L

Pikipiki ya CRF300L ina kilo 142 tu, na mkia wa fremu yake ni bomba jembamba lililolehemiwa moja kwa moja kwenye fremu kuu. Ukipinda au kupasuka, hakuna kununua mkia mwingine ukafunga kwa boliti. Ni kazi ya fundi wa kulehemu. Kwa hiyo keria ifungwe ili mzigo ulalie chuma, na boliti zote nne zigawane kazi.

Andaa soketi namba 8, 10, 12 na 13, alenki 5 na 6, toki renchi (ya kupimia nguvu ya kukaza), na gundi ya bluu ya hesi, yaani ya kupaka kwenye mikato ya mzunguko ya boliti ili isilegee. Ile nyekundu usiitumie, kwani kuifungua kunataka moto, na hapo pembeni pana plastiki na nyaya.

Osha mkia, toa kiti, kisha fungua boliti za zamani upande mmoja kwanza, ili madigadi na taa visining'inie kwenye waya.

Sasa pima boliti mpya, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Boliti mpya inapaswa kuizidi ya zamani kwa unene wa mguu wa keria pamoja na bushi yake, yaani kibomba kifupi kinachopitisha boliti. Ndani ya hesi iingie angalau sawa na kipenyo chake: milimita 6 kwa M6, 8 kwa M8. Ikiwa fupi, itang'oa hesi. Ikiwa ndefu, itagota mwisho wa shimo: mkono unahisi imekaza, kumbe keria bado inacheza. Zijaribu kwa vidole kabla ya kupaka gundi. Chagua za daraja 8.8 (namba ya nguvu ya chuma); zile zisizoshika kutu za A2-70 zinang'aa, lakini ni dhaifu zaidi.

Popote boliti inapopita kwenye plastiki lazima kuwe na bushi ya chuma. Bila bushi, plastiki inabonyea taratibu na boliti inalegea hata kama uliikaza vizuri.

Paka tone moja la gundi kwenye hesi, na iliyomwagikia plastiki uifute mara moja kwa sababu inaweza kuipasua. Ingiza boliti zote nne kwa mkono, usikaze hata moja. Shimo la mwisho likikosea kwa milimita mbili, usilivute kwa boliti. Ukilivuta, fremu inakaa imejikaza muda wote, na ufa utaanzia kwenye lehemu. Panua tundu la keria kwa tupa ya mviringo, kisha paka rangi chuma kilicho wazi.

Kaza kwa mshazari, awamu mbili. Kama karatasi ya keria haisemi vingine, M6 ni Nm 10 (nyutoni-mita, zinazosomwa kwenye toki renchi) na M8 ni Nm 25.

Washa indiketa zote na taa ya breki huku ukisukuma keria huku na huku; waya uliobanwa utajionyesha. Kisha chungulia chini ya madigadi. Gurudumu la nyuma hupanda hadi milimita 260, kwa hiyo ncha ya boliti iliyotokeza chini itachana tairi siku utakapoingia shimoni. Penye nati, kichwa kikae chini, nati juu.

Usizidishe kilo zilizoandikwa kwenye keria. Vizito vikae mbele, karibu na kiti: kadiri mzigo unavyopita nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba kwenye mwendo. Mikanda isiguse bomba la moshi upande wa kulia.

Mwisho, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha kila boliti hadi kwenye keria. Baada ya kilomita 100, na kila utokapo kwenye barabara ya matuta-matuta, tazama mistari hiyo. Mstari ukikatika, usiongeze kukaza tu: toa boliti, safisha hesi, paka gundi mpya, kaza upya.