Dogo anayesubiri fomu wani, mwachie gemu ila washa maandishi

Wazazi wenzangu wa Dodoma mlio na watoto waliomaliza la saba, hii nimeiona kwa mdogo wangu hapa Nkuhungu na inasaidia kweli kujifunza Kiingereza. Ingia setingi za gemu, weka lugha Kiingereza, washa maandishi ya chini, halafu mchagulie gemu yenye misheni (kazi za kukamilisha) au ile sehemu ya kuwa kocha kwenye gemu za mpira, siyo mechi tupu. Akikwama usimtafsirie haraka, muulize kwanza wameandika nini hapo.

Inafanya kazi kwa sababu neno linakuja pamoja na kitendo, akiona "injured" na mchezaji wake anachechemea hilo halimtoki tena, na bila kuelewa maelekezo hasongi mbele kwa hiyo anasoma mwenyewe bila kusukumwa, na maneno yaleyale yanarudi kila siku. Januari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla, biolojia, jiografia na mengine, na hapo ndo watoto wetu wengi wa shule za msingi za Kiswahili wanapotea, inauma sana kuona mtoto mwenye akili ananyamaza darasani kisa lugha.

Haisaidii akicheza kwenye vibanda vya kulipia kwa muda, pale hakuna anayesoma, kila mtu anawahi dakika zake. Pia gemu aliyoikariri vitufe vyote haimfundishi kitu, mbadilishie. Na kuandika sentensi gemu haifundishi, daftari libaki palepale.