Somo: Bidhaa za mtandao uziweke wapi, na wapi usithubutu

Somo hili ni la wanaouza bidhaa za kampuni za mtandao, yaani zinazouza kupitia wasambazaji binafsi badala ya maduka: aloe, virutubisho, losheni, manukato ya katalogi. Mtu akishajiunga na kubeba boksi la kwanza, wazo linalomjia haraka ni kumtafuta mwenye duka ampe rafu moja. Wengi waliofungiwa namba zao za usambazaji walianzia hapo.

Hatua ya 1: Soma sera, kipengele cha mahali pa kuuzia

Usimtegemee aplaini wako, yaani aliyekuingiza kwenye kampuni, kwa hili. Naye aliambiwa na wa kwake. Chukua kitabu cha sera cha nchi unayouzia, toleo linalotumika sasa, utafute sehemu inayotaja maduka, maonesho na mauzo ya mtandaoni. Kampuni nyingi kubwa zinakataza bidhaa zisiuzwe wala zisionyeshwe kwenye duka la rejareja. Angalieni hilo la pili. Hata kama hakuna anayenunua pale, kopo kukaa rafuni tayari ni kosa.

Sababu inayotolewa ni kwamba wewe unaishi kwa kueleza. Unamfuata mteja, unamwonyesha matumizi, unarudi kumjulia hali. Duka likiuza kitu kilekile bila maelezo na kwa bei ya kutupa, anayetembea nyumba kwa nyumba kazi yake imekwisha. Tupperware, kampuni ya Marekani ya vyombo vya plastiki, waliviondoa vyombo vyao madukani mwaka 1951, vikawa vinauzwa kwenye mikusanyiko ya majumbani tu. Ipo na sababu nyingine ambayo wakubwa hawaisemi jukwaani: losheni ya kampuni ikikaa rafuni karibu na losheni nyingine, mteja atalinganisha bei. Kwa hiyo sheria inakulinda wewe, na inamlinda mwenye kampuni zaidi. Tena si ya milele. Tupperware haohao mwaka 2022 walirudi kwenye rafu za maduka makubwa ya Target kule Marekani. Lakini maadamu umetia saini, inakubana.

Hatua ya 2: Jiulize watu wanafuata nini pale

Hapa ndipo penye utata, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama watu wanaingia kununua vitu, hilo ni duka: la vipodozi, la dawa, supamaketi, duka la Mangi, hata genge. Usiweke. Kama wanaingia kuhudumiwa, mfano saluni, kinyozi, gym au chumba cha masaji, kampuni kadhaa zinalegeza. Forever Living, kampuni ya bidhaa za aloe, kwa mfano, inamruhusu msambazaji mwenye sehemu ya huduma inayohusiana na bidhaa, au anayefanya kazi hapo, kuwauzia wateja wake ndani. Nje hakuna ruhusa: usiweke bango la kutangaza kwamba zinauzwa, wala usizipange dirishani.

Sasa njoo kwenye fremu zetu. Saluni nyingi mlango ni wa kioo kitupu, na mpita njia anaona mpaka kwenye sinki. Kabati likitazama barabara, hilo ni dirisha la maonyesho hata kama hukukusudia. Ligeuze, au lipeleke nyuma kwenye viti vya kuoshea nywele. Halafu kuna saluni ambazo nusu ya mbele ni duka la weaving na mafuta. Nusu ile ni rejareja. Bidhaa zako zikae upande wa huduma, na kama pande hizo hazitenganishiki, omba jibu la kampuni kwa maandishi kabla ya kupanga chochote.

Nyumbani kwako, nyumbani kwa mteja na kwenye kikao ulichoalikwa hakuna tatizo. Ofisini unakofanya kazi, muulize mwajiri kwanza. Asipotaka, sera ya kampuni haitakutetea.

Hatua ya 3: Maonesho

Banda la muda huwa linaruhusiwa kwa kibali. Angalia ukomo wa siku. Forever huhesabu wiki moja au pungufu, mahali pamoja, ndani ya miezi 12, na unaomba kibali cha maandishi kabla. Ukomo huo unagongana na kalenda yetu: Sabasaba, maonesho ya biashara ya Dar es Salaam, huanza tarehe 28 Juni na kumalizika 13 Julai. Ukilipia banda kwa kipindi chote bila kuuliza, umevunja sera katikati ya maonesho.

Hatua ya 4: Serikali haikusomi kwenye kitabu cha sera

Kampuni kukuruhusu si kibali cha halmashauri. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara ni mambo yako. Meza ya barabarani ndiyo kabisa: kampuni imekataza, na jiji nalo tangu wamachinga walipopangwa upya mwaka 2021 lina maeneo yake. Kwa Tanzania Bara, chakula na vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019. Dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukibandika karatasi saluni kwamba kirutubisho "kinatibu sukari", umejiingiza mwenyewe kwenye mambo ya dawa.

Hatua ya 5: Mtandaoni

Stetasi ya WhatsApp kwa watu wako huwa haina shida. Tovuti za mnada na masoko ya mtandaoni kama eBay na Amazon, kampuni nyingi zimekataza. Chukulia ni rafu ya duka, ila haina mlango.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbagala: Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu ana duka la vipodozi. Nikiweka makopo matupu, kama tangazo tu?

Marahaba. Hapana, mdogo wangu. Kopo tupu nalo linaonyeshwa. Muulize kampuni kama unaweza kumwachia shemeji kadi zako za biashara, anayeulizia apewe namba yako. Mauzo yafanyike kwako.

Morogoro: Nane Nane ni siku 8, yaani siku moja tu zaidi. Kweli watanifuata kwa siku moja?

Sijui kama watakufuata, ila mwenzako wa banda la jirani anaweza kuwapigia. Chukua banda tarehe 2 mpaka 8, ndizo siku zenye watu. Tarehe 1 nusu ya mabanda bado yanapigiliwa misumari.

Eldoret: Mimi ni wa Kenya. Je, naweza kuuzia wanachama wa chama chetu tukikutana?

Ndiyo, dada, mkutano wa chama si duka. Ila kumbuka Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012: aliyeuziwa nje ya mahali pako pa biashara anaweza kufuta makubaliano ndani ya siku 10 tangu apate nakala yake ya maandishi. Andika risiti yenye tarehe, na usizile pesa zote jioni ileile.

Tanga: Nimekuta dawa ya meno ya kampuni yetu dukani Kariakoo, bei chini ya ninayonunulia mimi. Nifanyeje?

Piga picha ya rafu, nunua moja, hifadhi risiti na namba ya bechi, peleka kampuni. Usigombane na muuzaji. Yeye hana mkataba na kampuni. Mwenye kesi ni msambazaji aliyempa.

Temeke: Kuna mwenye duka ananunua kwangu boksi kadhaa kila mwezi. Mimi namuuzia kama mteja wa kawaida. Akizipanga rafuni, ni juu yake, si ndiyo?

Kaka, hakuna familia inayomaliza maboksi ya dawa ya meno kwa mwezi. Sera nyingi zinakataza pia kumuuzia mtu unayejua atauza tena. Soma jibu la Tanga hapo juu, kisha mpigie mteja wako leo umwambie oda ya mwezi ujao haipo.