Kupata sauti nzuri kwenye gitaa la pikapu za koili moja

Tabora, mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, umezoea magitaa yanayojibizana bila kukanyagana, solo likipita juu na ridhimu ikijaza katikati, huku kila uzi ukisikika peke yake. Kwa upigaji wa namna hiyo gitaa la pikapu za koili moja linafaa sana, kwa sababu sauti yake ni nyepesi na ina makali yanayopenya katikati ya ngoma na besi. Hata hivyo vijana wengi wa Tabora wanaolinunua hulilaumu mapema kwamba linavuma, linakwaruza masikio au halina nguvu, kisha hukimbilia kununua vikanyagio vya kubadilisha sauti kabla ya kushika bisibisi. Mimi naanzia kwenye gitaa lenyewe.

Pikapu, na hapa sizungumzii gari la kubebea magunia ya tumbaku, ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba unaokaribia wembamba wa unywele, mara nyingi mizunguko 7,000 hadi 8,000, na mzingo huo wa waya ndio koili. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifaya. Tatizo ni kwamba waya huohuo hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao kwetu ni wa hertzi 50. Ili kuukwepa mvumo huo, Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili mwaka 1955. Koili mbili zilinyamazisha mvumo, lakini sauti ikawa nene zaidi na ile kali ya juu ikapungua, kwa hiyo anayechagua koili moja amekubali kuishi na mvumo kidogo.

Kabla ya yote tazama nyuzi. Nyuzi za shaba nyekundu zinazotengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu zinaingia vizuri kwenye gitaa la umeme, na wapo wauzaji wasiotofautisha, lakini sumaku huhisi chuma cha ndani tu wala haihisi shaba iliyozungushiwa nje. Matokeo yake nyuzi tatu au nne nene hufifia na zile nyembamba hupiga kelele. Nunua nyuzi za chuma zilizopakwa nikeli, na kwa mkono wa kawaida seti inayoanzia 010, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010, inatosha.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko mengine yote, ni urefu wa pikapu. Kijana mmoja wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, aliniletea gitaa lake akisema uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, haukubali kutyuniwa: ukiwa wazi ulikuwa sawa, lakini akiubana juu, kuanzia freti (kile kichuma cha shingoni) ya 12, ulitoa sauti mbili zilizogombana. Alikuwa amekwisha kuvuruga daraja linaloshikilia nyuzi akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Nilipoinamisha gitaa kwenye mwanga wa dirisha niliona vichwa vya sumaku vya pikapu ya shingoni vikiwa karibu kuugusa uzi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameipandisha ili gitaa litoke kwa nguvu. Sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi na kuuzuia usitikisike kwa uhuru, na hapo ndipo ile sauti ya pili inapozaliwa. Tuliishusha pikapu nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, skrubu zote mbili kwa zamu, na kufikia mzunguko wa nne ule ugomvi ukatoweka bila kugusa kitu kingine.

Kwa kipimo cha kuanzia, bana uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya kichwa cha sumaku: acha milimita 2.4 upande wa uzi wa sita na milimita 2 upande wa uzi wa kwanza. Asiye na rula ndogo atumie kijiti cha kiberiti, ambacho unene wake hukaribia milimita 2. Baada ya hapo masikio ndiyo yatakayoamua. Uzi hutikisika kwa upana zaidi karibu na shingo kuliko karibu na daraja, kwa hiyo pikapu ya shingoni hukaa chini kidogo kuliko ile ya darajani, hadi ubadilishaji wa swichi ya kuchagua pikapu usishtue kwa kupanda au kushuka kwa sauti.

Tukiwa kwenye swichi, magitaa ya mtindo wa Stratocaster, yale ya kampuni ya Fender yenye pikapu tatu za koili moja, yalipotoka mwaka 1954 yalikuwa na swichi ya nafasi tatu, na wapigaji wakagundua kwamba ikikwama katikati ya nafasi mbili hutoa sauti tamu ya pikapu mbili kwa pamoja. Swichi ya nafasi tano ilikuja kiwandani mwaka 1977. Ukihesabu kutoka darajani, nafasi ya pili na ya nne ndizo hizo zilizokuwa zikitafutwa kwa kukwamisha, na kwa ridhimu ya dansi sijaona zilizo bora kuzishinda. Zina faida nyingine pia: kwenye magitaa mengi ya sasa pikapu ya kati imezungushiwa waya kinyume na sumaku yake imegeuzwa, hivyo ikiungana na jirani yake mvumo hufutana na sauti ya nyuzi hubaki. Washa amplifaya bila kupiga chochote, pitisha swichi nafasi zote tano, na usikilize kama mvumo unashuka kwenye hizo mbili.

Mvumo uliobaki hutafutiwa chanzo chake. Geuka taratibu ukiwa na gitaa mpaka upate upande ambao mvumo unapungua, na usikae karibu na transfoma ya amplifaya, friji au taa za tyubu. Ukumbi wetu wa mazoezi umepakana na fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo tumejifunza kuanza baada ya yeye kufunga kazi. Kupaka utando wa shaba ndani ya tundu la gitaa na kuuunganisha na waya wa ethi kunapunguza ukwaruzaji wa juu, ila hakuuondoi ule mvumo mzito unaoingia kwa njia ya sumaku. Mtu asikudanganye kwamba kukata mguu wa ethi kwenye plagi ni dawa, kwa maana gitaa na maikrofoni vinaweza kukupiga umeme kwa pamoja. Ukihisi hata mchonyoto mdogo mdomoni unapoimba, zima kila kitu umwite fundi umeme.

Makali yanayokera mara nyingi hutibiwa kwa kitufe cha toni kilicho kwenye gitaa, kitufe ambacho wengi hukiacha kwenye 10 tangu siku ya kununua. Kwenye pikapu ya darajani kishushe hadi 6 au 7. Kitufe cha sauti nacho kikishuka huondoka na makali kidogo, jambo linalosaidia unapompisha mwimbaji. Waya mrefu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mita 3 hadi 5 zinatosha kwenye jukwaa dogo.

Makanisani na kwenye sherehe nyingi gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na sauti huwa imekufa kana kwamba imefunikwa blanketi. Soketi ya kawaida ya mikisa huielemea pikapu, ambayo inahitaji kupokelewa na mlango wenye ukinzani wa takriban megaomu 1. Tumia amplifaya yenye maikrofoni mbele yake, au kisanduku cha DI, kile kinachowekwa kati ya gitaa na mikisa, cha aina inayotumia umeme. Kwenye amplifaya anza na vitufe vyote katikati, punguza besi kwanza kwa kuwa mpiga besi anaishughulikia, ongeza sauti za kati mpaka solo lisikike, na trebo iwe ya mwisho kuguswa. Mwangwi uwe mdogo, maana kumbi za bati na sakafu ya saruji zina mwangwi wao. Panga hayo yote bendi nzima ikipiga, kisha weka alama ya rangi ya kucha pale vitufe vilipoishia.