Mavuno ya Mamama Nyumbani: Pima Kilichoingia Kabla ya Kupima Kilichotoka

Muulize mkulima wa mamama, ule uyoga unaooteshwa kwenye mifuko ya majani, wa Buhongwa au Igoma jijini Mwanza amevuna kiasi gani, utajibiwa "beseni mbili" au "mafungu thelathini". Sokoni jibu hilo linatosha. Bandani halisaidii, kwa sababu halisemi beseni hizo mbili zimetoka kwenye majani kiasi gani. Kilo 6 za uyoga kutoka mifuko 10 zinaweza kuwa mavuno mazuri au hasara tupu; inategemea kila mfuko ulibeba gramu ngapi za majani makavu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua uzito wa uyoga mbichi wote uliotoka kwenye mfuko, tangu mkupuo wa kwanza (yaani awamu moja ya uyoga kuchomoza na kuvunwa) hadi wa mwisho. Gawanya kwa uzito wa majani yakiwa makavu kabisa, kisha zidisha kwa 100. Wataalamu huiita asilimia hiyo ufanisi wa kibayolojia. Kwa mamama wa nyumbani, ukipata 50 umeanza, ukipata 80 banda lako liko sawa, na 100 hufikika. Usishangae kuona mtu amepita 100: uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, wakati majani yamehesabiwa bila maji.

Kwa uyoga tumia mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu 1 na kubeba kilo 5. Ile ya kuning'iniza inafaa kwa mifuko tu, tena pasipo na upepo. Ihakiki kila wiki: weka chupa tupu, rudisha mizani kwenye sifuri, mimina nusu lita ya maji uliyopima kwa kipimo cha uhakika. Isome gramu 500, au pungufu na zaidi kwa chache. Ikisoma 470, badilisha betri na uiweke mahali palipolala sawasawa kabla ya kuilaumu.

Sasa majani, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Majani ya mpunga yaliyoanikwa juani, hata yakivunjika mkononi kama biskuti, bado yana unyevu wa asilimia 10 hivi. Yakishalowekwa, kuchemshwa na kuchujwa, unyevu hufika 65 au 70. Kwa hiyo usikisie. Pima siku ileile ya kujaza mifuko:

1. Chota viganja kadhaa kutoka juu, katikati na chini ya lundo. Maji hushuka, hivyo ukichota chini peke yake utapata jibu la uongo. Changanya, kisha pima gramu 200 kamili.
2. Tandaza nyembamba kwenye bati safi juani kwa siku mbili, mbali na kuku.
3. Malizia kwenye sufuria pana juu ya mkaa unaofifia, ukigeuzageuza bila kuunguza. Pima kila nusu saa. Uzito ukirudi uleule mara mbili mfululizo, maji yamekwisha.
4. Zikibaki gramu 70, majani yako ni asilimia 35 makavu. Mfuko wa gramu 2,500 una gramu 875 za majani makavu.

Kazi hii ni ya mara moja kwa kila lundo, si kwa kila mfuko. Ukiweka pumba ya mpunga kama nyongeza, ichanganye kabla ya kuchota sampuli. Mbegu za uyoga nazo zina uzito wake. Wengine huzihesabu, wengine huziacha. Zote mbili zinakubalika, ila chagua moja na usiibadilishe, la sivyo mavuno ya mwaka huu hayatalinganishika na ya mwaka jana.

Umuhimu wake unaonekana pale unapolinganisha malighafi mbili. Kanda ya Ziwa tuna bahati: mpunga unalimwa Magu, Misungwi na Sengerema, na viwanda vya kuchambua pamba vinatoa mabaki. Tuseme umejaza mifuko ya gramu 2,500, mmoja wa majani ya mpunga, mwingine wa mabaki ya pamba, na kila mmoja umetoa gramu 640 za uyoga. Kwa macho imelingana. Lakini pamba hunywa maji zaidi. Mfuko wake ukiwa na unyevu wa asilimia 72, ndani mna gramu 700 tu za kitu kikavu. Mpunga, wenye zile gramu 875, umekupa asilimia 73, pamba 91. Kama unanunua malighafi ikiwa kavu, tofauti hiyo ni pesa yako.

Kupima uyoga wenyewe ni rahisi, mradi usijidanganye. Vuna kofia zikiwa zimefunguka na kingo bado zimeinama kidogo. Zikigeukia juu umechelewa. Zungusha kishada kizima kwa mkono, kisha kata kitako chenye majani, kwani kitako cha gramu 20 kwenye mifuko 30 ni gramu 600 za mavuno hewa. Usinyunyizie maji asubuhi ya kuvuna: kofia hunywa maji, na mizani haijui tofauti. Pima ndani ya nusu saa. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo mkavu wa mchana huondoa uzito haraka kwenye beseni lililo wazi, na utajikuta unaandika pungufu ya ulichovuna.

Kila mfuko upewe namba kwa kalamu isiyofutika na maji, kwenye tepu ya karatasi. Kwenye daftari la kaunta chora safu za namba, tarehe ya kupanda mbegu, uzito wa mfuko, gramu kavu, tarehe utando mweupe wa uyoga ulipojaa mfuko mzima, halafu tarehe na gramu za kila mkupuo. Mfuko ulioshikwa na ukungu wa kijani ukautupa, uandike sifuri. Usiufute! Mifuko 17 ikitoa kilo 11 na mitatu ikaoza, wastani wako ni kilo 11 kwa 20, yaani gramu 550. Anayegawanya kwa 17 anapata gramu 647 na kulala usingizi mzuri, lakini majani, mkaa na mbegu za ile mitatu alizilipia.

Pima na mfuko wenyewe pia. Tuseme ulikuwa gramu 2,400 ulipoanza kuchomoza vichwa, ukavuna 380. Mizani ikisoma 1,900, gramu 120 zilizobaki zimepotea kwa hewa, jambo la kawaida. Ikisoma 1,600, mfuko umekauka: umepoteza gramu 420 hewani, nyingi kuliko ulizovuna, na mkupuo wa pili utakuwa haba hata mbegu ingekuwa bora namna gani. Uloweke kwenye maji safi saa chache, uuchuruze vizuri, kisha ongeza unyevu wa banda kwa magunia mabichi ukutani upande unaopokea upepo wa ziwani. Ikiwa uzito wa mfuko uko sawa lakini uyoga una shina refu na kofia ndogo, tatizo si maji, hewa haizunguki.

Swali la mwisho ni lini uutoe mfuko. Rudi kwenye ule wa mpunga: mkupuo wa kwanza gramu 380 siku ya 33 tangu kupanda mbegu, wa pili 190 siku ya 45, wa tatu 70 siku ya 61. Ukisubiri mkupuo wa tatu, asilimia inapanda kutoka 65 hadi 73 na unajiona umefaulu. Gawanya kwa siku: hadi mkupuo wa pili, mfuko ulikupa gramu 12.7 kwa siku. Zile siku 16 za mwisho zilitoa gramu 4.4 tu. Banda likiwa na nafasi, uache. Kama una mifuko mipya inayosubiri rafu, utoe baada ya mkupuo wa pili na uumwage kwenye shimo la mboji, mbali na banda, maana inzi wadogo wanaozaliana humo watarudi kwenye mifuko mipya.