Kabla hujakaza nyaya za mlingoti

Boti ya tanga iwe inaelea. Usikaze waya boti ikiwa juu ya trela, wala ikiwa imelala mchangani siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi, yakishatoka, kwa sababu mwili uliokaa pabaya hupinda kidogo na vipimo vyote vitakudanganya. Fanya kazi asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka.

Kusanya vifaa kwanza: spana mbili, bisibisi nene, rula ya kukunja ya mita 2, vernia ya kupimia milimita, grisi, selotepu, pamba, na kotapini mpya za stenlesi, zile pini za kuzuia skrubu zisijifungue. Kotapini ya zamani ukishaichomoa, itupe.

Halafu kagua. Usikaze waya mgonjwa. Chukua pamba, ipitishe waya mzima kuanzia juu unakofika mkono hadi sitahani, ukikawia pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha chini, kile chuma kilichobanwa kwenye ncha. Pamba ikiacha manyoya, kuna uzi umekatika. Uzi mmoja tu kati ya 19 zilizosokotwa kuufanya waya unatosha kuukataa. Usitafute wa pili. Kichwa cha chini ndicho cha kushukiwa zaidi, maana maji ya chumvi huteremka na waya na kutuama mdomoni mwake. Wauzaji watakwambia stenlesi haishiki kutu. Inashika, hasa kwenye upenyo usiopata hewa na wenye chumvi, na kwa joto letu la Dar mambo huenda haraka. Ukiona machozi ya kahawia mdomoni au ufa kwenye kichwa, siku hiyo hakuna kukaza.

Angalia pia mabamba yanayoshika nyaya kwenye sitaha. Ingia ndani, gonga mbao zilizoyabeba kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia; iliyooza hunyamaza.

Sasa jambo lenyewe, ambalo ndilo linaloangusha milingoti mingi: kuacha nyaya zilegee kwa imani kwamba unaihurumia boti. Huihurumii. Waya uliolegea ndio hukatika.

Chukua boti iliyotoka Msasani kwenda Bongoyo mwezi wa Julai. Kwenda ni raha, upepo wa kusi unasukuma kwa nyuma. Kurudi alasiri ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo; upepo umepanda na mawimbi mafupi yanapiga omo, mbele ya boti. Nyaya za joshi, upande upepo unakotoka, zimebeba mzigo wote; za demani, upande unakokwenda, zinaning'inia na kutikisika. Nahodha anaona kawaida. Lakini mlingoti sasa una nafasi ya kucheza: kila wimbi unatupwa, kila akigeuza tanga unaangukia upande wa pili na kusimamishwa ghafla na waya uliokuwa umelegea. Mshtuko huo ni mzigo mkubwa kuliko upepo wenyewe. Na ule mtikisiko wa demani unaukunja waya huku na huku mahali palepale, mdomoni mwa kichwa cha chini, kama unavyokunja kipande cha waya mkononi mpaka kikakatika. Uzi wa kwanza hukatikia ndani, huuoni. Wa pili na wa tatu hufuata wiki nyingine. Siku mlingoti ukianguka watu watasema upepo ulikuwa mkali, na upepo ulikuwa wa kila siku.

Kwa hiyo kaza, na ukaze kwa kipimo. Legeza kwanza vikazio vyote, vile vya chini vinavyovuta nyaya ukivizungusha, usafishe skrubu zake na kuzipaka grisi. Stenlesi kavu juu ya stenlesi hung'ang'ania, na ikishang'ang'ania utakata kwa msumeno. Simamisha mlingoti katikati: funga rula kwenye kamba ya kutwekea tanga kubwa, vuta hadi bamba la ubavu wa kulia, kisha la kushoto. Vipimo vilingane.

Kaza nyaya ndefu za ubavuni kwa mkono tu. Kisha bandika ncha ya juu ya rula kwenye waya kwa selotepu, ncha ya chini iguse juu ya kichwa cha waya bila kubandikwa. Anza kuzungusha, nusu mzunguko kulia, nusu kushoto, ukihesabu kwa sauti. Shika kichwa cha waya kwa spana ya pili ili waya usijisokote. Waya unaporefuka, rula inaachana na kichwa; mwanya huo upime kwa vernia. Kwa waya wa stenlesi wa nyuzi 19, kila milimita 1 ya mwanya kwa mita 2 ni asilimia 5 ya nguvu ya kukatika, uwe mwembamba au mnene: mnene hurefuka kwa shida, lakini hukatika kwa mzigo mkubwa zaidi. Unataka milimita 3, yaani asilimia 15. Kwa waya wa milimita 4 hiyo ni zaidi ya kilo 200, usishangae ukiona ni ngumu. Usipite milimita 4. Mlango wa kibanda ukianza kukwama au sitaha ikibonyea chini ya mlingoti, simama na urudishe. Tatizo liko kwenye boti, si kwenye waya.

Nyaya fupi za chini hazihitaji mvuto huo. Kaza mpaka mlingoti, ukiutazama toka chini, uwe umenyooka kama uzi kwa upande. Wa mbele na wa nyuma zifuate mwisho.

Jaribio la kweli liko baharini. Upepo wa wastani, boti imelala upande kama digrii 20: waya wa demani uwe umelegea kidogo tu, usitikisike. Ukitikisika, hesabu mizunguko unapoukaza huo wa demani, geuza boti, kaza wa upande wa pili mizunguko ileile. Usikaze wa joshi ukiwa na mzigo.

Kisha funga. Kotapini ipite kila skrubu ya kikazio, miguu iachane kidogo, juu yake selotepu isije ikachana tanga. Nati peke yake haitoshi, mtikisiko huifungua.

Waya mpya hurefuka, upime tena baada ya safari ya kwanza. Zisuuze nyaya kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi. Ukisimamisha mlingoti ufukweni, tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Beba mkasi wa kukatia waya. Na waya wa ubavu ukikatika, geuza papo hapo upande uliokatika uwe wa demani, ukafunge kamba ya kutwekea mahali pake; ukikatika wa mbele, upe upepo tezi, nyuma ya boti; ukikatika wa nyuma, elekeza omo kwenye upepo na vuta tanga kubwa ndani.